Kalamu ya matabaka ya rangi: kasoro zinakotoka, na namna ya kuchagua kipande kisichokuangusha

Kalamu ikitoka kwenye mashine ya kukereza na tabaka lililobanduka, au na doa jekundu lililochanika mahali palipotakiwa kuwa na mstari ulionyooka, mtu hukimbilia kulaumu patasi. Mara nyingine patasi kweli ina makosa. Lakini katika kalamu za aina hii nilizokereza, kasoro nyingi zilizonipata zilikuwa zimo ndani ya kipande tangu siku nilipokichagua, tena zilikuwa zinaonekana. Sikuwa nimetazama panapostahili. Nilitazama ubavu, maana ubavu ndio unaong'aa na ndio unaopigwa picha. Habari yenyewe iko kichwani, pale msumeno ulipokata na matabaka yote yakabaki wazi.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Vinia, yaani karatasi nyembamba za mbao, za mti wa birchi, kila moja ikiwa na unene wa karibu milimita 1.5, hutiwa rangi inayoingia hadi ndani, hupangwa moja juu ya nyingine, hupakwa gundi na kukandamizwa mpaka ziwe bao moja. Bao hilo hukatwa vipande vya mraba, mara nyingi milimita 19 kwa 19, urefu karibu 127. Kuna familia mbili. Moja hunyweshwa resini kwa joto na shinikizo mpaka mbao inakuwa nzito na ngumu. Nyingine hutiwa rangi na gundi tu, ikabaki mbao ya kawaida yenye mistari. Dymondwood, iliyotoka Rutland katika jimbo la Vermont, Marekani, ilikuwa ya familia ya kwanza. Kiwanda chake kiliteketea kwa moto mwaka 2014, hivyo vipande vyake unavyokutana navyo leo ni akiba ya zamani. SpectraPly, inayotoka Maine, inajulikana kwa wakerezaji wengi wa kalamu kama birchi iliyotiwa rangi na kugandishwa.

Jina likiwa limefutika, tumia mizani. Kipande cha birchi mkavu cha vipimo hivyo kina uzito wa karibu gramu 30. Kilichonyweshwa resini kinapita hapo waziwazi. Tofauti hii itarudi mara kwa mara huko mbele, kwa sababu familia hizi mbili huugua maradhi tofauti.

Rangi niliyoipenda imepotea

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililoniuma zaidi. Kipande changu cha kwanza kilikuwa na ubavu wa buluu iliyokolea, na nilikichukua kwa ajili ya buluu hiyo tu. Kalamu ilipokamilika haikuwa na buluu hata uzi mmoja. Ilikuwa ya kijani na kahawia. Nilidhani nimebadilishiwa kipande.

Hakuna aliyenibadilishia. Fanya hesabu. Kipande kina upana wa milimita 19, kalamu ina kipenyo cha 12. Kila upande unapoteza milimita 3.5 kabla hujafika kwenye uso wa kalamu, yaani matabaka mawili na zaidi yanaishia kwenye maranda. Tabaka la nje, lile ulilolipenda, ndilo la kwanza kuondoka.

Na bado hesabu haijaisha. Matabaka yakienda sambamba na urefu wa kalamu, hayaonekani kwa upana sawa. Chukua kalamu hiyo ya milimita 12 ambayo kitovu chake kimeangukia kwenye mstari wa gundi. Matabaka yaliyo karibu na katikati yanajitokeza mbavuni kama mistari ya milimita 1.5 hivi. Lakini tabaka la juu kabisa, lile ambalo kerezo limelikata kwa kulilalia, linatanuka na kuwa utepe wa karibu milimita 8.7. Lipo lingine kama hilo upande wa chini. Mzunguko mzima wa kalamu ni milimita 37.7, na tepe hizo mbili peke yake zinachukua zaidi ya 17. Karibu nusu ya rangi utakayoiona kwenye kalamu inaamuliwa na matabaka mawili yaliyojificha kati ya milimita 3.5 na 5 kutoka usoni mwa kipande.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, chora duara. Mimi nina kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga chenye duara mbili: moja ya kipenyo cha kalamu, nyingine ndani yake ya kipenyo cha tundu la mrija, yaani bomba jembamba la shaba linalokaa ndani ya kalamu. Nakiweka kwenye kichwa cha kipande, katikati, na kusoma ni rangi gani inagusa duara la nje juu na chini. Hizo ndizo rangi kuu za kalamu. Zinazokata duara mbavuni zitakuwa mistari tu. Ukinunua kwa picha, omba picha ya kichwa. Muuzaji asiyeweza kuitoa, mimi hununua kwake kipande kimoja tu cha kujaribu.

Utaona pia kwamba kipande hakilazimiki kutobolewa katikati kabisa. Kama kina milimita 19 na kalamu ni ya 12, una nafasi ya kusogeza kitovu milimita moja au mbili upande mmoja ili tabaka unalolitaka lidondokee pale panapotanuka. Hilo ni jambo zuri sana katika mbao hizi, na ni wachache wanaolitumia.

Doa la mviringo lenye kingo zilizochanika

Umekereza vizuri, unapiga msasa, na ghafla kwenye uso wa utepe mpana linatokea doa la rangi nyingine, refu kama punje ya mchele, kingo zake hazieleweki. Ukiendelea na msasa linakua na kuchanika zaidi. Wengi hudhani ni rangi iliyofutika.

Chanzo ni kwamba uso wa kalamu umefika karibu mno na mstari wa gundi. Tabaka la juu limebaki jembamba mno, tuseme unene wa milimita 0.2, na kwa kipenyo cha 12 linafunika ukanda wa milimita 3 tu kwa upana. Hapo si mbao tena, ni ngozi. Msasa unaitoboa pale ilipo nyembamba zaidi, na kwa kuwa kalamu ina kiuno na tumbo, inatoboka mahali fulani na kubaki kwingine.

Kwenye kerezo, tiba ni kuamua upesi. Kama bado una unene juu ya bushi, ile pete ya chuma nchani inayoonyesha kipimo cha mwisho cha kalamu, shuka milimita 0.3 zaidi kwenye kipenyo kwa patasi kali ili ngozi yote iondoke na tabaka la chini lifunguke kwa ukingo safi. Kama umeshafika kwenye kipimo cha bushi, tia supaglu nyepesi juu ya doa, iache ikauke yenyewe, kisha malizia kwa msasa laini sana bila kukandamiza. Doa halitaondoka, ila halitakua.

Tiba ya kweli iko kwenye duara lako la plastiki. Duara la nje likigusa mstari wa gundi juu au chini, sogeza kitovu nusu milimita. Ninapokuwa na seti ya kalamu (mirija na sehemu za chuma zinazouzwa pamoja) yenye umbo la kuvimba katikati, huchora duara mbili za nje, la kipenyo kikubwa na la kipenyo kidogo, maana tabaka linaloonekana tumboni silo litakaloonekana shingoni. Pale uso unapopita kutoka tabaka moja hadi jingine hutokea umbo la jicho au mwali wa moto, na hilo likipangwa linapendeza kuliko mistari iliyonyooka.

Mistari minene upande mmoja, myembamba upande wa pili

Mbao ya kawaida inasamehe tundu lililokwenda mrama. Hii haisamehe, kwa sababu mistari yake ni rula. Kama tepe mbili pana hazilingani, au zinaanza kulia na kuishia kushoto, tazama kwanza tundu: drili ilipinda, au kipande hakikukaa wima kwenye jiriwa. Kipande kilichokatwa kwa msumeno mchafu huwa si mraba kamili, hivyo kukishika kwa mbavu zake hakukuhakikishii kitu. Kipime pembe zake kabla ya kununua.

Kama tundu ni sawa na bado upande mmoja ni mwembamba, shuku mhimili unaoshika mirija. Nati ikikazwa kupita kiasi, au mkia wa kerezo ukisukuma sana, mhimili hupinda kidogo na kalamu huzunguka nje ya kitovu. Utajua kwa kupima kwa venia, kile kipimio cha kubana, pande nne za ncha moja, ukilinganisha na bushi. Legeza na ukaze kwa vidole tu.

Katika kalamu ya sehemu mbili kuna kasoro nyingine: mistari ya juu haikutani na ya chini. Piga mstari wa penseli urefu wote wa kipande kabla ya kukikata, weka mshale kwenye kila nusu, na usiugeuze mshale huo mpaka mwisho. Kwa matabaka ya mshazari hata hivyo haitoshi. Tabaka la milimita 1.5 lililokatwa kwa nyuzi 45 linachukua karibu milimita 2.1 za urefu, na meno ya msumeno wa milimita 2 yanameza karibu mstari mzima. Kusawazisha ncha kunameza kingine. Kwa kipande cha mshazari chagua chenye rangi mbili zinazopokezana, ambacho mstari mmoja ukimezwa unaweza kusogeza nusu moja mbele bila mtu kujua. Chenye rangi tano kwa mpangilio maalumu kiache kwa kalamu ya sehemu moja.

Kinapasuka drili inapotokea

Malalamiko haya ndiyo mengi zaidi, na yana vyanzo vitatu vinavyosaidiana.

Cha kwanza ni joto. Resini na gundi haviachii joto upesi. Biti ikikaa ndani, maranda yakajaa kwenye mifereji yake, joto linapanda, gundi inalainika au inakauka na kuwa kama kioo, matabaka yanaanza kuachana kutoka ndani. Usikie harufu: harufu ya kuungua yenye ukali wa kemikali inamaanisha umeshachelewa. Ingia milimita 5 au 6, toka, safisha biti kwa brashi, ingia tena. Mizunguko 500 hadi 700 kwa dakika inatosha kwa tundu la milimita 7, na kwa tundu la 10 na kuendelea punguza zaidi. Ukigusa biti na huwezi kuishika, pumzika.

Cha pili ni biti butu. Gundi inakula makali kuliko birchi wenyewe. Biti iliyotoboa akriliki kumi bila shida inaweza kuchoka kwa vipande vitatu vya aina hii vilivyonyweshwa resini. Ukiona unasukuma, acha.

Cha tatu ni pale biti inapotokea. Ncha inasukuma tabaka la mwisho ambalo halina kitu nyuma yake. Kata kipande kirefu kuliko mrija kwa sentimita 1.5 au 2, toboa bila kutokea upande wa pili, halafu kata ile ncha iliyoziba kwa msumeno. Tundu linabaki wazi na hakuna kilichosukumwa. Tangu nianze kufanya hivi sijapoteza kipande kwa njia hii.

Na uchaguzi unaingia wapi? Tazama nyuzi kichwani. Vinia zote zikiwa zimelazwa kufuata urefu wa kipande, kichwani utaona kila tabaka limejaa vinyweleo vidogo kama vimechomwa kwa sindano. Ukiona tabaka moja lina vinyweleo na linalofuata lina nyuzi ndefu zilizolala, zikipokezana hivyo, hiyo ni plaiwudi iliyopakwa rangi. Nusu ya matabaka yake yana nyuzi zinazokatiza kalamu, na drili itayanyofoa. Wakati wa kukereza yatachanika tena. Usikinunue hata kikiwa cha bei ya chini kiasi gani.

Vivyo hivyo kwa kipande ambacho matabaka yake yamepangwa kama sarafu, yakikatiza urefu na kuleta pete. Pete ni nzuri machoni, lakini kalamu nzima inashikiliwa na gundi peke yake. Nakikubali tu kwa seti zenye ukuta mnene. Seti nyembamba za mrija wa milimita 7 zina bushi ya karibu milimita 8.4, kwa hiyo ukuta wa mbao pale nchani ni kama milimita 0.7, chini ya nusu ya unene wa tabaka moja. Pete kwenye ukuta huo ni kutafuta balaa.

Matabaka yanaachana patasi inapogusa

Tofautisha hali mbili. Kama kilichotoka ni kibanzi chenye uso laini, unaong'aa kidogo, kimeachana kwenye gundi. Kama uso wake una nyuzi zilizochanika, mbao ndiyo iliyovunjika na gundi ilikuwa nzima. Shika kile kibanzi kwenye mwanga kabla hujakitupa, kinakuambia nani ana makosa.

Kibanzi chenye nyuzi ni kazi ya patasi. Pembe nne za kipande ndizo hatari, kwa sababu patasi inapiga, inaachia, inapiga tena. Zipunguze kwa mashine ya msasa au kwa msumeno kabla ya kufunga kwenye kerezo, anza ncha kuelekea katikati kidogo kidogo, zungusha kwa mizunguko 2,500 hadi 3,000, na inamisha makali ili yakate kwa kuteleza. Bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo, iliyonolewa dakika tano zilizopita ni tofauti na iliyonolewa jana. Sauti ikibadilika kuwa mkwaruzo, maranda yakawa vumbi, rudi kwenye jiwe.

Kibanzi laini ni gundi, na hapo kipande chenyewe ndicho kibaya, au drili ilikipasha moto. Simamisha mashine, tia supaglu nyepesi kwenye ufa, ibane kwa uzi au mpira, subiri. Ufa mmoja unatibika. Nyufa tatu kwenye kipande kimoja, kitoe kabla hakijarushwa usoni kwako.

Kuna kipimo rahisi cha kufanya mara kipande kinapofika nyumbani, kabla ya kukata lolote. Lowesha pamba nyeupe kwa spiriti na ufute kichwa kimoja. Spiriti inakauka upesi kwenye mbao, ila pale penye mwanya kati ya tabaka na tabaka inazama na kubaki kama mstari mweusi mwembamba kwa sekunde kadhaa baada ya sehemu nyingine kukauka. Mstari huo ni ufa ambao jicho halikuuona. Ukiwa karibu na ubavu, utaondoka na maranda, usijali. Ukiwa ndani ya duara la kalamu, tia supaglu nyepesi ncha zote mbili leo na utoboe kesho.

Pamba hiyo usiitupe, itazame. Ndiyo inatuingiza kwenye kasoro inayofuata.

Nyekundu imeingia kwenye nyeupe

Pamba ikitoka na rangi, umejua kwamba spiriti inayeyusha rangi ya kipande hicho. Na wakerezaji wengi tuna desturi ya kufuta kalamu kwa spiriti baada ya msasa ili kuondoa vumbi. Kwa kipande cha nyekundu na rangi asili ya birchi, mfuto mmoja unaacha mistari myeupe ikiwa ya waridi. Nimeiona ikitokea mbele ya macho yangu, ukungu wa waridi ukitambaa kutoka kwenye ukingo wa tabaka, na hakuna cha kuurudisha.

Chanzo cha pili ni vumbi lenyewe. Msasa unasaga nyekundu na nyeusi kuwa unga laini na kuusukuma ndani ya vinyweleo vya tabaka jeupe. Ukipiga msasa kerezo likizunguka, unaupeleka kwenye kila mstari. Katika vipande vya matabaka yanayofuata urefu, malizia kila hatua kwa kusimamisha mashine na kupiga msasa kwa kufuata mistari, kisha puliza kwa hewa au vuta kwa mashine ya vumbi. Usifute kwa kitambaa chenye maji wala spiriti. Vaa barakoa: vumbi hili ni la mbao, rangi na resini kwa pamoja.

Chanzo cha tatu ni supaglu, ambayo hupakwa pia kama koti la kumalizia kalamu. Koti la kwanza likiwa zito na ukalisambaza kwa kusugua, linaweza kubeba rangi pia. Paka makoti mawili ya mwanzo mepesi sana, mkono ukipita mara moja tu. Yakishakauka yanafunga rangi ndani, na makoti yanayofuata hayana la kuharibu.

Kama imeshatokea, nafasi pekee ni kushuka tena kwa patasi, milimita 0.1 au 0.2. Ndiyo maana ninapokereza rangi zinazogombana huacha milimita 0.3 juu ya bushi mpaka dakika ya mwisho. Kipande cha mshazari kina hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kila tabaka linaonyesha vinyweleo vya nyuzi zilizokatwa, na vinyweleo hunywa.

Wakati uko kichwani, angalia pia kama rangi imefika katikati ya kila tabaka. Katika vipande hafifu utaona kila vinia ina kingo zilizokolea na kiini kilichopauka. Pale tabaka litakapotanuka kuwa utepe mpana, kiini hicho kitatokea kama mabaka. Hakuna msasa wala gundi itakayoyaficha.

Vidole vinasikia matuta

Gundi ni ngumu, birchi laini zaidi. Msasa ulioshikwa kwa ncha za vidole unafuata ulaini na kuchimba mabonde kati ya mistari. Hutokea zaidi kwenye familia isiyonyweshwa resini. Maliza kwa patasi kali ili msasa uwe na kazi ndogo, anzia msasa laini wa namba 320 badala ya 180, na uweke kigae kigumu nyuma ya karatasi.

Ukungu mweupe chini ya supaglu

Unyevu, au kichapuzi kingi (dawa ya kukausha supaglu upesi), au koti zito lililofunikwa kabla halijakauka. Ukungu ulioko juu unaondoka kwa msasa. Ulio chini kabisa, unaofuata tabaka fulani tu, ni unyevu wa mbao, nao unalazimu kukwangua koti zote na kuanza upya baada ya kalamu kukauka siku kadhaa. Usipige msasa wa maji kabla ya ncha mbili za mbao kuzibwa kwa supaglu: maji yanaingilia nchani, yanapita chini ya koti, na kesho yake unaona ukingo mweupe kando ya bushi, au koti limenyanyuka.

Kujua kama kipande kimekauka, kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma sehemu za gramu, andika, kipime tena baada ya siku tatu. Uzito ukiwa bado unashuka, kiache kwenye rafu. Kipimo cha unyevu chenye sindano usikitegemee hapa, kwa kuwa resini na gundi huvuruga usomaji wake.

Ufa baada ya siku chache

Kalamu imekwenda kwa mwenyewe, wiki imepita, inarudi na ufa. Usitengeneze kabla ya kuusoma.

Ufa ulionyooka unaofuata mstari wa gundi, mrefu, unaanzia popote: gundi ya kipande ilishaumizwa na joto la drili, au mbao ilikuwa na unyevu na imesinyaa juu ya mrija wa shaba ambao wenyewe hausinyai. Ufa mfupi unaoanzia nchani na kukata matabaka bila kujali mistari: ni siku ya kuunganisha. Gundi ya mrija ilibaki ndani na sehemu ya chuma ikaingia kwa nguvu, au iliingizwa ikiwa imeinama. Safisha ndani ya mrija kwa kisu kidogo au msasa uliokunjwa mpaka shaba ing'ae, na ukandamize polepole ukiigeuzageuza. Na ule uzi mwembamba unaoonekana ukiinamisha kalamu kwenye mwanga, ambao ukucha haunasi mahali? Huo ni wa koti tu, mbao iko salama. Kwangua, paka tena.

Ncha zilizomeguka kabla hata ya kukandamiza kwa kawaida ni za kile kikatio cha kusawazishia mrija. Kikiwa butu kinanyakua tabaka la pembeni na kulivunja. Kwa mbao hizi nimekiacha kabisa, nasawazisha kwa sahani ya msasa, mrija ukiwa umeshikwa kwenye kigingi chenye pembe mraba.

Rangi imepauka

Jua hupausha mbao iliyotiwa rangi, na koti la juu hupunguza kasi tu. Unapochagua kipande cha akiba ya muda mrefu, kata kipisi cha milimita 2 kichwani na ulinganishe na ubavu. Kichwa kilichokatwa sasa hivi kikiwa na rangi kali kuliko ubavu, kipande kilikaa juani, ila upaukaji umeishia juu juu na utaondoka na maranda. Ukikata na bado ndani pamepauka, kirudishe. Vilivyobaki nyumbani vihifadhi gizani, vimelala, vichwa vimepakwa nta, na uandike juu ya kila kimoja tarehe na uzito wake.